Asilimia hiyo ni kati ya kina nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natangaza kipindi cha wakulima kwenye redio ya jamii huku mkoani. Nimedaunlodi data za Tanzania za Afrobarometer (wale wanaohoji wananchi wa nchi za Afrika kuhusu maoni yao), jamaa mmoja akanigeuzia faili likafunguka kwenye Excel, nikachuja mkoa wetu nikaona waliosema ukame umezidi ndani ya miaka 10 wanawapita wa mkoa jirani kwa pointi za asilimia kama 12 hivi. Naweza kusema hewani kwamba sisi tumeumia kuliko wao? Afu nikapiga wastani wa lile swali la mabadiliko ya tabianchi, kama yanaharibu maisha au yanaboresha, ikaja zaidi ya 3 wakati 1 ni mabaya sana na 5 ni mazuri sana. Ina maana watu wameyafurahia? Mbona huku kwetu kila mtu analia.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufungua data mwenyewe badala ya kusubiri kusomewa.

Tuanze na huo wastani maana ndo wenye hatari zaidi. Rudi kwenye ile safu, shuka nayo taratibu kwa macho, utakutana na namba 9 zimejaa humo ndani. Hiyo 9 siyo jibu, ni alama ya "sijui", na 8 mara nyingi ni mtu aliyekataa kujibu, na -1 ni nafasi tupu. Excel haijui hayo, yenyewe inajumlisha tu kila inachokiona. Chukua watu 10, wanane wamesema 2, yaani maisha yameharibika kiasi, na wawili wamesema hawajui wakaandikiwa 9. Jumla 16 na 18 ni 34, gawa kwa 10 unapata 3.4, ghafla kijiji kizima kinaonekana kina nafuu, wakati kila aliyejibu kasema 2! Kwa hiyo fungua kodibuku kwanza, usome kila swali namba zake zina maana gani, zitoe hizo 8 na 9 na -1 ndo upige hesabu. Na hata hivyo kwa maswali ya aina hii mimi nakushauri uachane na wastani, hesabu tu wangapi wamesema nini, msikilizaji wako ataelewa haraka zaidi.

Sasa hizo pointi 12. Afrobarometer Tanzania wanahoji watu kama 2,400 nchi nzima, ukigawa kwa mikoa yetu 31 unapata wastani wa watu 77 tu kwa mkoa. Kuna hesabu ya haraka ambayo naitumia kila siku: chukua 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, hapo unapata kiwango cha makosa, yaani asilimia yako inaweza kupotoka kwa kiasi gani. Kwa 2,400 inakuja kama asilimia 2, ndo maana wenyewe wanaandika 2. Kwa watu 77 inakuja asilimia 11 kwenda juu na 11 kwenda chini, na unapolinganisha mikoa miwili makosa ya huku na ya kule yanaungana, inafika kama 16. Pointi zako 12 zimemezwa humo humo. Na bado sijasema kwamba wanahoji watu 8 eneo moja, yaani hao 77 wametoka maeneo kama 10 tu, na majirani mvua ikiwakimbia inawakimbia wote, kwa hiyo wanane wa kitongoji kimoja hawakupi habari ya watu wanane waliotawanyika mkoa mzima.

Usiseme hewani mdogo wangu, nakuomba. Watu wa mkoa jirani nao wana mashamba yaliyokauka. Unganisha mikoa iwe kanda, ukipata watu 400 makosa yanashuka hadi 5, hapo una cha kuongea. Na ile safu ya uzito (inaanza na "withinwt") usiiruke, inarekebisha pale ambapo kundi fulani limehojiwa wengi au wachache kuliko walivyo nchini.

SWALI: Mwalimu hujambo, niko Kilifi nasomea uanahabari. Nimeona imeandikwa theluthi mbili ya Waafrika wanasema mabadiliko ya hali ya hewa yanazidisha ugumu wa maisha. Niiandike hivyo?

JIBU: Sijambo. Hapana, hapo pameachwa neno moja kubwa. Ile ni raundi ya Afrobarometer ya 2016 hadi 2018, nchi 34, watu zaidi ya 45,000, na swali la kwanza lilikuwa kama mtu amewahi kusikia habari ya mabadiliko ya tabianchi. Asilimia 58 ndo walisema ndiyo, na theluthi mbili ni ya hao waliosikia. Kati ya watu 100 ni 58, theluthi mbili yao ni kama 39. Thelathini na tisa, siyo 67! Wale 42 waliobaki hakuna anayejua wangesemaje kwenye swali hilo.

Na hao 42 ndo wananiuma. Niliwahi kukaa na mama mmoja mkulima, nikamuuliza kama amesikia mabadiliko ya tabianchi, akasema hapana mwanangu hilo sijalisikia, afu akanieleza robo saa nzima jinsi mvua za vuli zilivyomhama, mwaka gani alipanda mara tatu, na kisima kipi kilikauka. Kwenye safu ya "umesikia" yeye ni 0. Bahati nzuri swali la ukame na mafuriko waliulizwa wote, waliosikia na wasiosikia, kwa hiyo tengeneza jedwali: safu mlalo weka walioona ukame umezidi, safu wima weka waliosikia na wasiosikia jina lake. Kile chumba cha walioona ukame na hawajasikia jina, hesabu watu wake mmoja mmoja, andika idadi yao kwanza, asilimia baadaye, habari yako ianzie hapo.