Shangazi, wananiita mjinga juu nilikataa jaboya

"Shangazi, mimi ni mjane wa miaka 31, nina watoto wawili, nauza omena upande wa Bondo. Nilipookoka Desemba nilimwambia yule mvuvi alikuwa jaboya wangu (ananipa samaki, namlipa na mwili) kwamba kuanzia sasa nanunua kwa pesa peke yake, mwili wangu si malipo tena. Tangu siku hiyo boti ikifika naingia majini na karai kama wengine, ananipita anamwagia mwenye amesimama nyuma yangu. Mtaji ulikuwa 18,000, sahii umebaki 6,000. Wenzangu wanacheka ati Yesu havui omena. Mama mkwe, mwenye pia aliuza samaki ujana wake, anasema wokovu haulishi watoto. Na kanisani nimeambiwa nipande hiyo 6,000 kama mbegu ndio mlango ufunguke. Kwani mimi ni mjinga kweli?"

Nyathina, mwanangu, nimesoma barua yako mara tatu na kila nikifika hapo kwa karai nasimama. Mama yangu aliuza samaki soko la Kibuye, Kisumu, miaka mingi. Kuna siku alikuwa anarudi na karai tupu, anaiegemeza kwa ukuta, anawasha moto, tunakula ugali na mboga ya osuga na sisi watoto tunanung'unika, kwani ziwa limekauka? Hakuwahi kutujibu. Nilikuwa nishaolewa, nina mtoto mgongoni, ndio akaniambia kwa nini karai ilikuwa inarudi tupu, na wakati ananiambia alikuwa anaisugua na majivu, hakuniangalia usoni.

Kwa hivyo usiniulize kama wewe ni mjinga. Mimi nililelewa na mjinga wa aina yako.

Lakini wacha nikwambie kitu kuhusu kumtii Mungu, juu naona unavutwa pande mbili na zote mbili zinatumia jina lake. Chukua Biblia usome Yeremia 32. Wababeli wameuzunguka Yerusalemu, mji unaenda kuanguka, Yeremia mwenyewe amefungiwa kwa ua wa walinzi, halafu Mungu anamwambia nunua shamba la binamu yako kule Anathothi. Shamba! Nani ananunua shamba na adui ako mlangoni? Alinunua, kwa shekeli 17 za fedha. Na sasa angalia venye alinunua: alipima fedha kwa mizani, akaandika hati, akaweka muhuri, akaita mashahidi, akampa Baruku hizo hati aziweke ndani ya chombo cha udongo zikae siku nyingi. Watu waliona wazimu lakini makaratasi yalikuwa sawa. Na baada ya kutii ndio akaomba, ni kama anamuuliza Mungu, si unaona mji unachukuliwa na bado unaniambia ninunue shamba? Kuuliza hakukumfanya asiwe na imani, kwa hivyo na wewe ukilia usiku ukimuuliza Mungu mbona hivi, hujarudi nyuma.

Sitakudanganya pia, Yeremia hakulima hilo shamba, alimalizia kwa kupelekwa Misri. Kutii si bima.

Sasa hiyo 6,000. Usipande. Nasema hivyo nikiwa mtu wa kanisa, natoa sadaka kila Jumapili. Mungu alikwambia utoke kwa mvuvi ukatoka na ikakugharimu wewe, hakuna mtu alipata faida. Huyu wa mbegu anataka chakula cha watoto wa mjane na kiende kwake, pima na hiyo mizani ya Yeremia. Tuliona Shakahola mwaka wa 2023, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, watu walikuwa wameambiwa kufunga mpaka kufa ndio kumtii Mungu. Mtu akikwambia usihesabu, usiulize, usimwambie mtu, hapo toka.

Hiyo pesa iwekee daftari. Kwa sasa wacha kusimama majini peke yako, tafuta wamama wawili watatu wenye wamechoka kama wewe (wako, hata kati ya hao wanacheka) mchange pesa, mwende kwa mwenye boti mwenyewe na mlipe keshi, si kwa vijana wake. Unajua mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti omena, na April mpaka mwisho wa Julai uvuvi wake hufungwa, kwa hivyo hata ungekuwa na jaboya bado ungehitaji biashara nyingine ya hiyo miezi, anza na mboga ama viazi vitamu mapema. Kule Nduru, Nyakach, wanawake walianza mwaka wa 2011 hivi kumiliki boti zao na kuajiri wavuvi, ndio hakuna mtu awadai mwili. 2020 mafuriko yakafunika kijiji na wakaumia sana, lakini walionyesha inawezekana. Mkiwa kundi lililosajiliwa mnaweza kuulizia mkopo wa Women Enterprise Fund. Na yule mvuvi akianza kukutisha piga 1195, laini ya dhuluma za kijinsia, ni bure, na uripoti kwa BMU, ile kamati ya ufuo.

Pia nenda ukapimwe virusi vya Ukimwi, wiki hii. Si kwa aibu, ni kwa sababu ya watoto wako. Ukipatikana navyo dawa zipo, na asikuambie mtu ati maombi yametosha uziache.

Mama mkwe usimjibu na mistari ya Biblia. Huyo amezika mwanawe na anaogopa kuzika wajukuu. Jioni watoto wakilala mketishe, mhesabu hiyo 6,000 pamoja noti kwa noti, umwambie hakuna mahali inaenda, halafu umweleze boti inakupita kwa nini. Umesema na yeye aliuza samaki. Muulize yake karai ilikuwa inajaa vipi. Uliza polepole, na akinyamaza mwachie, endelea tu kumwagia chai.