Swali la lugha: “Mnyama kafa”, mlimgonga wapi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Dar es Salaam, mzaliwa wa Kisumu na mfuasi wa Gor Mahia tangu utotoni. Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, siku ambayo Simba na Yanga walicheza, nilikuwa njiani. Usiku nilipofungua simu nikakuta dereva mwenzangu wa Tanga ameandika kwenye kikundi chetu: “Watani tumewapa mkono, Mnyama kafa!” Nikajibu kwamba nimefurahia hiyo handisheki, kisha nikauliza huyo mnyama wamemgonga wapi na kama gari limeharibika. Hadi leo hawajamaliza kunicheka. Kinachonikera ni kuwa tangu siku ile wananiita “mtani”. Kwetu utani ni mzaha. Je, wanasema mimi ni mtu wa mzaha?

JIBU: Ndugu yangu dereva, kwanza nikutetee kuhusu mnyama. Mtu anayeshika usukani usiku akisoma “mnyama kafa” ni lazima akili yake iende kwenye bampa kabla haijafika Mtaa wa Msimbazi, Dar es Salaam, yaliko makao ya klabu ya Simba. Rafiki zako walicheka kwa sababu wao waliketi mbele ya televisheni saa mbili nzima.

Siku ile Yanga iliifunga Simba 5-1. Mkono una vidole vitano, kwa hiyo “kumpa mtu mkono” ni kumpachika mabao matano, na shabiki akisema hivyo kwa kawaida hukunjua kiganja akakupungia kabisa ili usije ukakosea hesabu. Simba nao waliwahi kuutoa mkono huo, Mei 2012, 5-0, na kwa miaka 11 mfululizo hawakumpa Myanga yeyote nafasi ya kuusahau. Wewe ulipotea kwa sababu Kiswahili kina mikono mingi. Kuna mkono wa pole, kuna mkono wa Idi ambao watoto huusubiri tangu alfajiri, kuna mkono wa buriani. Nanyi Wakenya mmeongeza wenu: tangu Uhuru Kenyatta na Raila Odinga washikane mikono nje ya Jumba la Harambee mwezi Machi 2018, ukitaja mkono watu wanaanza kuuliza nani kapata wizara.

Mnyama ni Simba yenyewe, klabu iliyoitwa Sunderland hadi 1971. Yanga nao ni Wananchi, na hapo nakuonya mapema: ukikutana na kichwa cha habari “Wananchi wachapwa Mwanza”, usiwatafute polisi.

Kuhusu “kafa” nitakaa kidogo, maana barua za Wakenya kuhusu hiyo “ka” zimejaa mezani kwangu. Bara ya Kenya, “ka” mbele ya nomino hudogosha: kamtoto, kagari, kanyumba. Msomaji wa Nairobi akiona “Simba kala tano” anajiuliza ni kasimba gani hako. Lakini hapa “ka” imekaa mahali pa “ame”. Kafa ni amekufa, kala ni amekula, kaja ni amekuja. Angalia kwamba ile “ku” ya amekufa imedondoka njiani, na kwamba mchezo huu ni wa mtu mmoja tu. Wakiwa wengi inabaki “wamekufa”. Ni usemi wa pwani wa siku nyingi. Kwenye gazeti makini au barua ya kazi andika “amekufa”, ila kwenye kikundi cha madereva baada ya mechi, anayeandika “Mnyama amekufa” ataonekana anatoa tangazo la msiba la redioni.

Sasa hilo lililokuuma. Mtani hafanani na mcheshi wala mtu wa mzaha. Mcheshi ni tabia ya mtu. Mtani ni uhusiano, kama vile binamu au jirani: huwezi kuwa mtani peke yako, unakuwa mtani wa fulani, naye anakuwa mtani wako. Tanzania uhusiano huu ulifungwa kati ya makabila. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo wajukuu wao ni watani. Wachaga na Wapare vivyo hivyo. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana. Anaweza kufika msibani, akajilaza njiani na kudai hapiti mtu mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Asiye mtani akijaribu hayo atatolewa kwa magongo. Ndiyo maana Simba na Yanga huitwa “watani wa jadi”: jadi ni nasaba, mambo ya mababu, na klabu hizi zinataniana tangu miaka ya 1930.

Na kwenu je? Gor Mahia ikikutana na AFC Leopards mnaiita mechi ya mashemeji, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoana vya kutosha. Sasa fikiria: katika ukoo wa Kiswahili, nani hutaniwa bila kununa? Mkwe haguswi, mkwe anaheshimiwa. Shemeji ndiye wa kuchokozwa, pamoja na bibi anayemwita mjukuu wake “mume wangu”. Nairobi mlichagua neno la ndoa, Dar es Salaam wakachagua neno la makabila, lakini mlikuwa mkitafuta kitu kilekile: mtu wa kumcheka Jumapili na kula naye Jumatatu. Binafsi naona “mashemeji” ni jina tamu zaidi, ila nikiandika hivyo napokea simu kutoka Kariakoo.

Hivyo hujatukanwa. Lakini kuna jambo nadhani hujaligundua. Rafiki yako wa Tanga ni Yanga, na mtani wa Yanga ni mmoja tu. Uliposikia mnyama kafa ukauliza kwa huruma aligongwa wapi, wenzako wakaona wewe ndiye mfiwa. Wamekuandikisha Simba, ndugu yangu, bila fomu wala kadi. Kama moyo wako uko Jangwani, nyumbani kwa Yanga, wahi kuwaambia kabla ya mechi ijayo.