Kiwelisi Mbele ya Afisa wa Probesheni

SWALI: Ndugu Mhariri, binti wa dada yangu anasomea ustawi wa jamii mjini Bangor, Welisi (Wales). Ananiambia kwamba wanafundishwa kumuuliza kila mteja kama angependa kuhudumiwa kwa Kiwelisi, ilhali karibu watu wazima wote huko wanakijua Kiingereza. Je, kuna haja gani? Na maafisa wa probesheni, wale wanaowasimamia wahalifu walio nje ya gereza, nao wanafungwa na sharti hilo? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwamba mtu mzima anayejua Kiwelisi pekee ni nadra sana. Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000, yaani asilimia 17.8 ya wakazi wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, ingawa katika eneo la Gwynedd, ulipo mji wa Bangor, walizidi asilimia 60. Hata hivyo, lugha inayomtosha mtu dukani huenda isimtoshe anapotakiwa kueleza kipigo alichokipata utotoni au sababu zilizomrudisha kwenye ulevi, na maelezo ya namna hiyo ndiyo msingi wa kazi nzima. Mtoto aliyelelewa kwa Kiwelisi, akihojiwa kwa Kiingereza kuhusu mambo ya nyumbani kwao, huweza kujibu kwa mkato, na afisa akadhani anaficha jambo. Mzee mwenye maradhi ya kusahau naye huweza kupoteza kwanza lugha aliyojifunza baadaye, akabaki na ile ya mama yake.

Kwa nini basi mteja asiiombe mwenyewe huduma ya Kiwelisi? Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mzazi anayeogopa kunyang'anywa mwanawe, au mfungwa aliyeachiliwa kwa masharti, hathubutu kuonekana msumbufu mbele ya mtu anayeandika taarifa juu yake. Kwa hiyo mkakati wa serikali ya Welisi wa mwaka 2012 kuhusu afya na ustawi wa jamii uliuhamisha mzigo huo: mtoa huduma ndiye anayetakiwa kuanza kuitoa nafasi ya kutumia Kiwelisi, bila kungoja kuombwa. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki kabisa.

Kuhusu probesheni, sharti lipo, ila linapitia njia nyingine. Ustawi wa jamii unaendeshwa na halmashauri 22 za Welisi, zinazobanwa na viwango vya matumizi ya lugha vilivyotokana na sheria ya 2011 iliyokithibitisha Kiwelisi kuwa lugha rasmi. Probesheni haikugatuliwa kwa serikali ya Welisi, iko chini ya Wizara ya Sheria iliyoko London, ambayo ina mpango wake wa Kiwelisi kwa mujibu wa sheria ya 1993. Sheria hiyohiyo inampa mtu haki ya kuzungumza Kiwelisi katika mahakama yoyote ya Welisi, na kwa maoni yangu haki hiyo hupungua nguvu ikiwa mahojiano ya taarifa inayomsaidia hakimu kupanga adhabu yamefanywa kwa lugha nyingine. Wanawake wana shida zaidi, kwani Welisi haina gereza la wanawake, na wengi wao hupelekwa kwenye magereza ya Eastwood Park au Styal, upande wa pili wa mpaka, nchini Uingereza (England).

Mwambie binti yenu aulize mapema, kabla ya tathmini kuanza, na jibu aliandike kwenye jalada ili mteja asiulizwe upya kila afisa anapobadilika. Kama Kiwelisi chake bado ni kichanga, amkabidhi mteja kwa mwenzake anayekimudu, na asimtumie mtoto wa familia kuwa mkalimani.