Kama ndo unaanza kupiga picha za karibu nyumbani kwa lenzi za mtumba

Wadau mnaoanza, kabla hujatoa hela ya lenzi mpya ya makro we tafuta kwanza lenzi ya zamani ya 50mm au 58mm pamoja na seti ya ringi za kurefusha, kwa sababu ukiwa karibu sana na kitu fokasi ya otomatiki inahangaika mbele nyuma mbele nyuma mpaka mdudu kashaondoka, kwahiyo kile ambacho lenzi ya zamani haina ni kitu ambacho mara nyingi ungekizima tu.

Mi ninayoipendekeza ni Helios 44-2, 58mm f/2 (hiyo f ni apecha, yaani tundu la kupitisha mwanga, namba ikipanda tundu linapungua), ilitengenezwa enzi za Sovieti kwa kufuata lenzi ya Biotar ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, na zilitoka nyingi mno. Peke yake haisogei karibu zaidi ya nusu mita, ringi ndo zinamaliza hilo. Ringi hazina kioo chochote, zinaisogeza tu lenzi mbali na sensa ya kamera, ile sehemu inayonasa picha. Za skrubu ya M42, ndo uzi wa kufungia lenzi ulioko kwenye Helios hii, kwa kawaida zinakuja tatu, 7mm, 14mm na 28mm, na ukitaka kujua zinakuza kiasi gani gawa urefu wa ringi kwa milimita za lenzi. Ukiunga zote tatu kwenye lenzi ya 50mm unakaribia 1:1, yaani punje ya mchele ya milimita 6 inakaa karibu milimita 6 kwenye sensa. Ila anza na ya 14 peke yake jamani, hizo zote tatu zinakula mwanga, f/4 yako inakuwa kama f/8 na kasi ya shata inabidi ishuke.

Wenye Nikon za DSLR (zile zenye kioo cha kuakisi ndani) mtaambiwa M42 haiwafai kwa kuwa haifiki fokasi ya mbali. Ni kweli haifiki, lakini sisi hapa tunapiga karafuu na sisimizi, hatupigi mlima. Nunua adapta isiyo na kioo uendelee. Na kamera ikigoma kupiga, maana haitambui kama kuna lenzi, kwenye Nikon ya DSLR weka M, na kwenye mirrorless (zisizo na kile kioo cha kuakisi) ingia kwenye menyu uruhusu kupiga bila lenzi.

Sasa mwanga, hapa ndo naomba mtulie. Zima taa zote za chumba kwanza, taa na dirisha vikichanganyika rangi zinaharibika upande mmoja njano upande mmoja bluu na kurekebisha baadae ni kazi. Weka meza kando ya dirisha ili mwanga utokee ubavuni, vinyweleo vya jani na mikunjo ya pilipili kavu vinatokea vizuri, mwanga wa mbele unavilaza vyote. Watu wanasema msipige saa sita mchana, hiyo ni ya nje, ndani kwa huku kwetu Pwani jua likiwa utosini haliingii dirishani kwahiyo unabaki na mwanga laini mzuri kabisa. Linalosumbua ni jua la saa mbili asubuhi kwenye dirisha la mashariki, hilo tundikia shuka jeupe. Upande wenye kivuli simamisha karatasi nyeupe ya A4, isogeze karibu mpaka uone kivuli kinalegea. Na ukipiga matone ya maji angalia ndani ya tone, nondo za dirisha utazikuta humo zote, shuka lile lile linazificha.

Fokasi usiitafute kwa kuzungusha lenzi. Ukifikia ukubwa wa 1:1, hata ufunge apecha mpaka f/8, kinachokaa kwenye fokasi ni kama milimita moja tu, kwahiyo seti lenzi iache, zum skrini, halafu sogea wewe na kamera taratibu. Kama una tripodi ni rahisi zaidi, weka kitu kwenye sahani usukume sahani, na tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise.

Wakati wa kununua fungua apecha yote, mulika tochi kutokea nyuma utafute fangasi, inaonekana kama nyuzi za buibui, ukiiona achana nayo hata kama bei inavutia. Vumbi kidogo halina shida. Ukishanunua usiihifadhi kwenye pochi ya ngozi, unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa haufai kabisa, weka kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ila vibadilishe mara kwa mara vikishalowa havinyonyi tena.