"Hela itarudi" si sawa na "nitakurudishia"

Mwezi mmoja kabla ya Idd mota ya cherehani yangu iliungua. Nikanunua nyingine, Sh 65,000, kwenye duka moja karibu na Soko Kuu la hapa Mtwara. Siku ya tatu ikatoa moshi. Nikaibeba hadi dukani. Muuzaji, kijana mpole kabisa, akaigeuzageuza, akainusa, akasema: "Usijali dada, hela itarudi."

Nikaondoka nimeridhika. Wiki tatu nzima nikawa napita pale kila nikitoka Chikongola, na kila nikipita hela ilikuwa bado "inarudi". Idd ikanikuta na magauni ya watu hayajashonwa. Baada ya sikukuu ndipo aliponiambia nichague kitu kingine dukani cha bei ileile. Nikamwambia, kaka, wewe ulisema hela. Akajibu bila haya: "Nilisema itarudi. Sikusema nitakupa mimi."

Nilikasirika mpaka nikasahau mwavuli kaunta kwake. Lakini usiku, nikiwa nimetulia, nikaona alichofanya. "Hela itarudi" ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. Hela inarudi yenyewe, kama mbuzi wa jioni. "Utarudishiwa" ina afadhali kidogo, kwa sababu yupo wa kurudisha, ila kajificha: utarudishiwa na nani, lini? "Nitakurudishia" ndiyo ina mwenyewe. Siku hizi sitoki dukani kabla sijaisikia hiyo "nita-", na kama mtu anaikwepa, namuuliza palepale: utanirudishia wewe, au bosi wako? Leo, au Jumatatu? Hela, au kitu kingine? Huku kwetu kuna jibu jingine la kuogopa, "subiri msimu". Ukisikia hivyo mwezi wa tatu, ujue unangojezwa korosho za Oktoba.

Swali la hela au kitu lina uzito wake, maana neno "kurudisha" linabeba vyote viwili. Yale maandishi ya kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi", yanazungumzia mali. Wauzaji wengi huyasoma kama amri ya mwisho. Lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kitu kiifanye, ukategemea ujuzi wake, na bidhaa hizo ndizo biashara yake ya kila siku, basi kitu hicho kinatakiwa kiifae kazi hiyo. Mimi nilikuwa nimemtajia mpaka aina ya cherehani. Kwa hiyo siku hizi naeleza kazi kwa sauti, mbele ya mtu, na nadai risiti. Ukikwama kabisa, malalamiko ya walaji hupokelewa na Tume ya Ushindani.

Sasa maneno yenyewe. "Kurudishiwa" na "kurejeshewa" maana yake ni moja, na yote asili yake ni Kiarabu. Tofauti ni nguo yaliyovaa. Dukani sema "nirudishie hela yangu". Kwenye barua andika "naomba kurejeshewa fedha zangu". Muuzaji wa sokoni akianza ghafla kusema "fedha zitarejeshwa", mimi huanza kutafuta kiti, maana safari imekuwa ndefu.

"Marejesho" litumie kwa uangalifu. Kamusi haina ubaya nalo, lakini mtaani limeshachukuliwa na vikoba na wakopeshaji. Niliwahi kumwandikia mama mmoja wa Masasi anayeniuzia vitambaa: "Mama, naomba marejesho yangu ya elfu ishirini." Alikuwa amenitumia kitenge pungufu. Akanipigia sauti inatetemeka, akidhani mimi ni wa kausha damu nimepata namba yake. Tulicheka baadaye, lakini si siku ile.

Mteja akikutuma ununue bitana kwa hela yako, atakachokupa baadaye ni kukurejeshea gharama. Bitana inabaki kwake, nawe unatakiwa uoneshe risiti. Fidia ni jambo jingine tena. Ile Sh 65,000 ilikuwa hela yangu ya kurudishiwa. Wateja wa Idd niliowapoteza, hao ndio wangekuwa fidia, na hiyo sikuiona. Na ile asilimia unayorudishiwa kwenye simu baada ya kununua kitu ni punguzo tu limechelewa kufika.

Kuna pia kishika uchumba, yaani hela ya kutanguliza ili uwekewe kitu, ambacho wazee wengine hukiita arbuni. Mnunuzi akighairi, muuzaji kwa kawaida hukizuia. Uliza kabla hujakitoa.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam kukatika huko Kilwa, nilikuwa na tiketi mkononi. Wakala akasema, "Tutakupangia gari lingine." Sikia vizuri: hakutaja nauli. Nikamwomba anirudishie nauli. Akasema nauli ipo. Najua ipo, nikamwambia, ndiyo maana naitaka. Nilirudishiwa siku ya pili, baada ya kumuuliza mbele ya abiria wengine jina la mtu atakayenilipa.

Kwenye simu mambo hugeuka, wewe ndiye unayeombwa. "Samahani mama, hela imekuja kwako kimakosa, irudishe namba hii." Usiirudishe mwenyewe. Angalia salio kwanza, si ujumbe, maana mara nyingi hakuna hela yoyote iliyoingia. Ikiwa imeingia kweli, mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake waurudishe muamala. Nawe ukikosea namba, piga upesi kabla mwenzako hajaitoa, kwa sababu ikishatoka kwa wakala kinachobaki ni kubembeleza.

Mwezi uliopita nilimpa seremala kishika uchumba cha meza ya kukatia. Nikamuuliza, na ukishindwa kuitengeneza? Akasema, "Hela yako ipo, dada." Nikamwomba aandike kwenye daftari langu. Akafikiri, akaandika: "Nikishindwa nitamrudishia mimi, tarehe 30." Akaweka na saini. Mwavuli wangu bado uko kule dukani.