Diploma Unayo, Cheti cha Umahiri Huna: Kwa Wadogo Zangu Mnaotaka Kuwa Wahandisi wa Meli

Tangu niweke mtandaoni picha ya cheti changu kipya cha sekendi injinia, yaani mhandisi wa pili wa meli, simu haijatulia. Pongezi nimezipokea kwa mikono miwili, Mungu awabariki. Ila katika zote, ujumbe ulionikaa rohoni ni wa kijana mmoja wa Tanga: "Shikamoo dada. Nimemaliza diploma ya uhandisi wa meli tangu mwaka juzi, niko nyumbani tu. Kuna wakala anasema nikimpa milioni nne ananipandisha meli. Baba yuko tayari kuuza shamba. Tumpe?"

Kijana nimeshamjibu. Jibu refu naliandika hapa kwa sababu najua wako wengi kama yeye, Tanga, Mombasa, Unguja, hata Mwanza, na wote mnaota kile nilichokiota mimi: kuvaa ovaroli yenye alama begani na kuitwa chifu, yaani mhandisi mkuu wa meli.

Kwanza tuelewane. Diploma inasema umesoma. Cheti cha umahiri kinasema unaweza kuachiwa injini usiku wa manane, watu wote wamelala juu, na wakaamka salama. Cha kwanza unapewa na chuo. Cha pili unapewa na mamlaka ya nchi: Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA. Wote wanafuata mkataba mmoja wa kimataifa wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, STCW wa 1978, uliofumuliwa upya 1995 na kurekebishwa tena Manila 2010. Ndiyo maana chuo chako kinaweza kukuvisha joho, wazazi wakapiga vigelegele, na bado huruhusiwi kushika zamu hata saa moja peke yako.

Ngazi ya kwanza ya uofisa ni injinia wa zamu, kwa meli ambayo injini zake kuu zina nguvu ya kilowati 750 au zaidi. Mkataba unataka uwe umetimiza miaka 18, na umemaliza mafunzo ya karakana na kazi ya baharini, vyote pamoja si chini ya miezi 12 ndani ya programu iliyoidhinishwa, yenye daftari la mafunzo la kujaza ukiwa melini. Kama hukupitia programu hiyo, karakana na bahari kwa jumla ni miezi 36, na 30 kati yake iwe baharini idara ya injini. Kwa njia zote mbili, miezi 6 lazima uwe umeshika zamu ya injini chini ya chifu au ofisa mwenye cheti.

Hizo kilowati 750 ndizo zilizoniliza mimi.

Nilipomaliza chuo nilizunguka ofisi za meli mpaka walinzi wakanijua kwa jina. Kwa kaka zangu tuliosoma nao jibu lilikuwa "hatuna nafasi." Kwangu mimi lilikuwa "hatuna kabini ya mwanamke." Mwishowe kampuni moja ikanikubali kwenye meli ndogo ya mizigo ya mwambao, malipo yenyewe nauli tu. Nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Niliingia chini ya vibao vya sakafu kusafisha bilji, pale chini kabisa maji machafu na oili vinapokusanyika, niliosha vichujio vya dizeli mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, nilibeba madebe ya oili ambayo wanaume walikuwa wanayakwepa. Kila nikimuuliza msimamizi ofisini kama miezi yangu inahesabika, anasema, "Usijali binti, tutakuandikia barua."

Barua waliniandikia kweli. Siku nilipoipeleka na maombi yangu, ofisa aliyepokea faili aliuliza swali moja tu: injini ya meli hii ina nguvu kiasi gani? Hati za meli zikaonyesha iko chini ya 750. Miezi yote ile haikuingia kwenye hesabu ya cheti nilichokuwa naomba. Na wale walijua, kwa sababu hati zilikuwa kwenye kabati lao wenyewe. Yule msimamizi nakutana naye bandarini mpaka leo, tunasalimiana vizuri, lakini siwezi kusema moyo wangu umeshasafishika.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujapanda meli yoyote, uliza kilowati. Uliza kilowati, narudia.

Yaliyofuata nayaruka, ni barua, simu na kusubiri. Nilipata nafasi ya waipa, msafishaji wa chumba cha injini, kwenye meli ya shehena ya kichele, isiyofungashwa, yenye bendera ya Panama, yaani iliyosajiliwa huko, na humo nikakutana na chifu mmoja mzee kutoka Kerala, India. Huyo ndiye mwalimu wangu. Hakuwa na maneno mengi, na hakuwahi kusaini kitu ambacho hakukiona kwa macho yake.

Kwenye daftari langu la mafunzo kulikuwa na ukurasa wa pirifaya, ile mashine ya kuchuja maji na uchafu kwenye mafuta kwa kuyazungusha kwa kasi. Chifu alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa. "Fungua." Nikaanza kulegeza ringi kubwa inayofunga bakuli, na yeye kimya, anasubiri kuona kama najua kwamba nyuzi zake zinakwenda kinyume na za kawaida. Nilijua. Nikatoa sahani moja moja, nikaziosha, nikazirudisha kwa mpangilio wake, nikafunga mpaka alama mbili za kwenye bakuli zikakutana. Nikawasha. Akaweka kiganja juu ya mashine akisikiliza mtikisiko, macho kwenye mita ya umeme: inapanda wakati bakuli linashika kasi, kisha inashuka na kutulia. Iliposhuka, akafuta mikono, akaomba kalamu. Sahihi, jina lake, cheo chake, tarehe ya siku ileile, muhuri wa meli. Alama ya dole gumba lake lenye oili bado iko pembeni ya ukurasa ule.

Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri. Daftari hujazwa siku kazi inapofanyika. Usimwache chifu ashuke bandari inayofuata ukisema utamtumia baadaye. Akishashuka, ameshuka, na wewe utabaki unatafuta sahihi ya mtu aliyeko kijijini kwao nchi usiyoijua. Hati ya utumishi, ile inayothibitisha muda uliofanya kazi melini, nayo ni vilevile: ionyeshe jina la meli, nguvu ya injini, cheo chako, tarehe ya kupanda na ya kushuka, sahihi na muhuri. Kikikosekana kimoja, mamlaka ina haki ya kukurudisha, na haitakuwa imekuonea.

Vyeti vya awali wengi mnavijua, nisiwachoshe: kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama kazini, pamoja na ufahamu wa ulinzi melini. Kuzima moto na kujiokoa unahuisha kila miaka 5, na cheti cha afya hakizidi miaka 2. Ukitaka uofisa unaongeza kozi ya juu ya kuzima moto na ya vyombo vya kuokolea. Meli za mafuta na gesi zina vyeti vyake. Na ukiajiriwa kwenye meli ya bendera ya nje, nchi ya bendera hiyo lazima ikitambue cheti chako kwa hati yake, na wakati unaisubiri hati hiyo, kampuni iwe na ushahidi kwamba maombi yalishapelekwa.

Halafu mtihani wa mdomo. Wengi mnaukariria, na ndipo mnapoangukia. Mtahini aliniuliza: umeme umekatika meli nzima, nini kinatokea kabla hujagusa kitu? Nikamwambia jenereta ya dharura inatakiwa iwake yenyewe na ibebe mzigo ndani ya sekunde 45. Akaruka kwenye usukani: muda gani kutoka nyuzi 35 upande mmoja hadi 30 upande wa pili? Sekunde 28, meli ikiwa kwenye mwendo wake kamili. Akanikazia macho, "Umesoma au umeona?" Nilikuwa nimeona. Nilishasimama chumba cha usukani na simu sikioni, daraja, yaani chumba cha juu meli inakoongozwa, linazungusha, mimi nahesabu na saa mkononi. Nilimweleza mpaka sauti ya pampu ya pili ikiongezwa. Nasema hili kwa fahari na sitaomba radhi: siku ile hakuna aliyekumbuka habari za kabini ya mwanamke.

Kutoka injinia wa zamu kwenda sekendi unahitaji si chini ya miezi 12 ya kazi baharini ukiwa na cheti. Uchifu wa meli za kilowati 3,000 na zaidi unataka 36, au 24 ikiwa 12 kati yake umefanya kazi kama sekendi. Huko ndiko naelekea. Cheti chenyewe hudumu miaka 5, na kukihuisha kwa njia ya kawaida kunataka uwe umekaa baharini miezi 12 ndani ya miaka hiyo, au miezi 3 ndani ya 6 ya mwisho. Ukikaa nchi kavu ukitamba na picha, kinakuponyoka. Wadogo zangu, acheni kukimbilia cheo. Kimbilieni kazi, shikeni spana, na kila mlichofanya kiwekewe sahihi. Wenye haraka nimewaona wengi, na leo wananiomba koneksheni mimi niliyewatangulia kwa taratibu.

Sasa kijana wangu wa Tanga. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kugharamia ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti yako. Viza ni juu ya mwenye meli. Mwambie baba shamba asiliguse. Kisha mpigie wakala, umwombe vitu vitano: jina la meli, namba yake ya IMO, ile ya kuitambulisha meli kimataifa, yenye tarakimu 7, bendera yake, kilowati za injini kuu, na nakala ya mkataba wenye jina la mwajiri. Akikupa vyote, nitumie tuvikague pamoja. Akianza kukuambia nafasi inachukuliwa kesho, mkatie simu.