Chora mashine ukimtazama mvaa kanga

Ninyi mliohitimu ufundi mitambo mwaka huu na kupangiwa kutengeneza zana za wakulima wadogo, nina neno moja kubwa kwenu: mtu atakayeishi na mashine yako, mara nyingi, ni mama aliyejifunga kanga. Mchoro usiomjua huyo haujakamilika, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

Chukulia mashine ya kupukuchua mahindi. Kanga ina urefu wa karibu mita moja na nusu, haina kifungo, na ncha yake hulegea mtu anapoinama kuokota magunzi. Ncha hiyo ikinaswa na mkanda unaozunguka kati ya puli mbili, itamvuta mwenyewe kabla aliye kwenye injini hajajua kuna nini. Kwa hiyo kinga ya mkanda si kitu cha kuongeza mwishoni endapo fedha zitabaki. Ifunike pande zote hadi chini, kwa bati au wavu ambao matundu yake hayapitishi kidole. Tena ifungwe kwa bolti zinazofunguliwa na spana ileile ya kukazia mkanda, tuseme namba 13. Ikisumbua kufungua, fundi wa kijijini ataitoa siku ya kwanza na hairudi tena.

Pampu ya kukanyaga kwa miguu ni vilevile. Aliyejifunga kanga hapigi hatua ndefu, na wengi hawapendi kupandishwa juu mbele za watu. Pedali ikipanda sana, pampu huishia mikononi mwa wanaume, ilhali bustani ya mchicha ni ya mama.

Sasa kasi ya ile mashine ya mahindi. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika yenye puli ya inchi 4, ikizungusha puli ya inchi 8, itakupa mizunguko 720. Mteja atakuomba uongeze ili kazi iishe mapema. Mweleze kwamba kasi ikizidi punje huvunjika, na punje iliyovunjika hushambuliwa na wadudu upesi. Mahindi yasipokauka, hupondeka hata kasi ikiwa nzuri. Kipima unyevu kikikosekana, tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, anika zaidi kidogo, maana ghalani tunataka kama asilimia 13. Hili ni la lazima kwa mifuko isiyopitisha hewa: ndani yake dumuzi hufa kwa kukosa oksijeni, lakini mahindi yaliyofungwa yakiwa mabichi huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu.

Wengine mtaombwa kusaidia vikundi vya batiki. Msiione kazi hii kuwa ndogo. Ina moto, kemikali na maji mengi, na wenye ujuzi wake wamezoea kujikinga kwa uzoefu tu. Nta iyeyushwe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria yenye maji, isikae moja kwa moja juu ya moto. Ikishika moto, funika kwa mfuniko. Usimwagie maji kamwe. Kostiki soda, kemikali kali ya kuandalia rangi, hutiwa ndani ya maji kidogokidogo, kamwe maji hayamwagwi juu yake. Nguo iliyolowa kostiki hung'ang'ania mwilini na kuunguza ngozi, basi aproni ya plastiki na glavu vihesabiwe kwenye bajeti ya vifaa kama sufuria. Haidrosalfaiti, unga unaotumiwa pamoja na kostiki kuyeyusha rangi, nayo ikae mahali pakavu kabisa, kwani ikipata unyevu kidogo hupata joto na inaweza kuwaka.

Palipo na kazi nzuri ya mhandisi ni kwenye usuuzaji. Nimeona maji ya rangi yakielekezwa kwenye matuta ya mboga kwa nia njema ya kutopoteza maji. Sodiamu iliyomo, inayotokana na kemikali hizo, hutawanya chembe za udongo, udongo unagandamana na maji hayapenyi. Panga ndoo tatu. Kitambaa kipite ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu yenye maji safi. Ya kwanza ikichafuka sana, mwaga hiyo peke yake, kwenye shimo lililo mbali na kisima na mto. Ya pili ishike nafasi yake, ya tatu isogee kuwa ya pili, na maji mapya yatiwe mwishoni tu.